Lilinga: Neno Lililogeuka Mji

Neno lilinga ni la Kihehe, na maana yake ni ngome, yaani makazi yaliyozungushiwa ukuta wa kujihami. Wingi wake ni malinga. Kiambishi li- hukaa mahali pa ji- ya Kiswahili katika jino na jicho. Kwa hiyo shina lenyewe ni -linga. Shina hilo si la Wahehe peke yao, kwani katika Kichewa cha Malawi linga ni ngome vilevile. Umbo na maana vinashuhudia pamoja.

Ushahidi wa tatu ni wa historia. Lilinga mashuhuri kuliko yote lilikuwa la Mtwa Mkwawa huko Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Wahehe walikishinda kikosi cha Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Wajerumani wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894, wakiongozwa na Gavana von Schele, wakaiteka ngome hiyo. Katika maandishi yao Lilinga iliandikwa Iringa: l ya kwanza iliachwa, ya pili ikawa r. Mwaka 1896 walijenga kituo kipya mlimani, kiasi cha kilomita 15 kutoka Kalenga, nacho wakakipa jina lilo hilo.

Hapa ndipo mfasiri hujikwaa. Iringa inayotajwa katika taarifa za Kijerumani za mwaka 1894 ni Kalenga, wala si mji tuujuao leo. Anayelihamisha jina bila maelezo huwafanya wasomaji waamini kwamba vita vilipiganwa mahali ambapo mji ulikuwa haujajengwa.

Si kila jina huthibitika hivyo. Mbeya, mji ulioanzishwa mwaka 1927 wakati wa uchimbaji wa dhahabu ya Lupa, husimuliwa kuwa umetokana na ibeya, yaani chumvi, kwa kuwa wafanyabiashara walifika huko kubadilishana nafaka kwa chumvi. Masimulizi hayo yana thamani yake, lakini mwalimu anapoyafundisha hana budi kuyaita masimulizi.

Tukirejea kwenye lilinga, twaona kwamba Kiswahili kililipokea jina la mji, kikaliacha neno. Vitabu husema "boma la Mkwawa", hali boma kwa watu wengi ni ofisi ya serikali iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Ndiyo kusema, Mkwawa anapewa jengo la maadui zake. Ngome nayo humkumbusha msomaji majengo ya Wareno na Waarabu wa pwani. Kinyamwezi na Kisukuma vimekwisha tupatia Ikulu, nasi hatukupungukiwa na kitu. Twapendekeza, basi, kwamba waandishi wa historia walitumie lilinga, wingi malinga, kwa makazi ya watawala wa bara yaliyozungushiwa kuta, na walieleze mara ya kwanza walitajapo.