Serikali Si Orodha ya Kukariri: Somo Lipo Hapo Owino Uhuru

Wacha niseme: wanafunzi wetu hawachukii somo la serikali. Wanachukia kukariri. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa Bungeni, vijana wale wale wanaosinzia kwenye kipindi cha Historia na Serikali walikuwa TikTok wakifafanuliana vipengele vyake, kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani. Hakuna aliyewaahidi alama. Walisoma kwa sababu bei ya mkate wa nyumbani kwao ilikuwa mle ndani.

Kwani lazima tungoje moto uwake ndio tujue serikali inafanyaje kazi? Sisi tunaokaa nje ya kisiwa, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, tuna historia ya kutosha kufundishia silabasi nzima. Nichukue moja tu.

Kijiji cha Owino Uhuru kipo Mikindani. Mwaka 2007 kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi ukaingia vyumbani, maji machafu yakapita vichochoroni, na watoto wakapimwa wakapatikana na risasi kwenye damu. Sumu hiyo huharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayarudi nyuma. Phyllis Omido, aliyeajiriwa na kiwanda chenyewe, aligundua mtoto wake mchanga ameathirika.

Sasa mwalimu, simama hapo. Usiwape wanafunzi jibu. Waulize: wewe ungekuwa yeye, ungeenda ofisi gani? Kwa chifu? Kwa mbunge? Kwa NEMA? Kwa daktari wa serikali? Darasa litagawanyika, watabishana, na hapo hapo wameanza kujifunza kazi ya kila ofisi.

Halafu waonyeshe kilichobadilika katikati ya hadithi. Kiwanda kilipofunguliwa tulikuwa chini ya katiba ya zamani. Hakukuwa na kaunti wala gavana, na Mikindani ilikuwa ndani ya eneobunge la Changamwe. Tarehe 27 Agosti 2010 ikaja Katiba mpya. Kifungu cha 42 kikasema kila mtu ana haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kikasema unaweza kwenda kortini kudai haki hiyo bila kuthibitisha kwanza kwamba kuna mtu amepata hasara. Kifungu cha 37 kikalinda maandamano ya amani. Kufikia uchaguzi wa 2013, Jomvu ikawa eneobunge lake, na Mikindani ikawa wadi ndani yake. Ugatuzi, mipaka, haki za raia: mada tatu za silabasi ndani ya kijiji kimoja.

Na kifungu kuwa kwenye karatasi hakimaanishi kinatembea chenyewe. Mwaka 2012 Omido alikamatwa kwa sababu ya maandamano, akashtakiwa kwa uchochezi, kisha akaachiliwa na korti. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2016 kesi ikafunguliwa kwa niaba ya wakazi, na taasisi za serikali zikawa miongoni mwa walioshtakiwa. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto akifuata kesi hii hatua kwa hatua, hahitaji kukariri ngazi za mahakama. Atazikumbuka kwa sababu kila ngazi ilibeba pesa na afya ya watu.

Najua jibu la walimu: silabasi ndefu, mtihani unakaribia, na ukigusa mambo ya serikali unaitwa mchochezi. Hofu hiyo naielewa. Lakini hukumu ya mahakama ni waraka wa umma, Katiba ni waraka wa umma. Kuisoma darasani si siasa. Na muda haupotei, kwa sababu mada ni zile zile za kitabuni, ila zimepewa majina na mtaa.

Kila mtaa una yake. Mwalimu wa Likoni ana feri iliyozama Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, ikaua watu 272. Waulize wanafunzi: ni nani aliyekuwa na jukumu la kuhesabu abiria, na raia anamuwajibisha vipi? Mwalimu wa Kisauni ana suala la ardhi, watu waliojenga na kuzeeka kwenye viwanja visivyo na hati. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ipo kwenye kifungu cha 67. Wanafunzi waandike ombi kama wanalipeleka kweli, wengine wakae upande wa tume walijibu.

Wengi walioko sekondari hivi sasa watapiga kura yao ya kwanza Agosti 2027. Wanasiasa watakuja mitaani kwetu kuahidi vitu ambavyo si kazi ya ofisi wanazoziomba. Kijana anayejua diwani anafanya nini na korti inafanya nini atamuuliza swali moja, na jamaa ataishiwa maneno. Asiyejua atapewa tisheti.