Watu watatu, uhai mmoja



Uzuri wa sanaa mara nyingi hutegemea mikono ambayo mtazamaji haioni. Historia ya vikaragosi vya Osaka, nchini Japani, yatufundisha hivyo.

Mwaka 1684 Takemoto Gidayu alifungua mjini humo ukumbi wa vikaragosi. Yeye alikuwa msimulizi: sauti yake peke yake ilitoa maneno ya wahusika wote, ikisindikizwa na shamisen, ala ya nyuzi tatu. Michezo yake mingi ilitungwa na Chikamatsu Monzaemon. Zamani jukwaa lilikuwa la mashujaa na wakubwa. Lakini mwaka 1703 Chikamatsu alileta mchezo wa Sonezaki Shinju, wenye kisa cha kuhuzunisha cha karani wa duka na mpenzi wake. Watu wadogo wa Osaka wakaona machozi yao wenyewe katika uso wa mti.

Siku zile kikaragosi kilichezeshwa na mtu mmoja. Tangu mwaka 1734 wakaanza kukishika watu watatu. Wa kwanza huchukua kichwa na mkono wa kuume. Wa pili, mkono wa kushoto. Wa tatu, miguu. Hawasemezani. Mkuu wao hutoa ishara kwa mwendo mdogo tu wa mwili au wa kichwa cha kikaragosi, na wenzake hufuata mara moja.

Kwa desturi, mwanafunzi huanzia miguuni, na huweza kukaa hapo miaka kumi. Huvaa nguo nyeusi na kufunikwa uso. Tena, kikaragosi cha kike kwa kawaida hakina miguu kabisa. Kijana huyo husogeza pindo la vazi kwa ngumi zake, na watu huona mwanamke akitembea, akipiga magoti, akitetemeka kwa huzuni. Hakuna anayemwona aliyeleta hatua hizo. Lakini akikosea yeye, uhai wote wa kikaragosi hutoweka.

Sanaa hii, iitwayo Bunraku, ilipata mapigo makali. Mwaka 1926 ukumbi wake uliteketea kwa moto pamoja na vichwa vingi vya thamani. Mwaka 1945 mabomu ya vita yakaunguza ukumbi uliofuata. Wachongaji, kama Oe Minosuke, wakachonga vichwa vipya, na wazee wakaendelea kuwafundisha vijana. Mwaka 1984 Osaka ilipata ukumbi wa taifa wa Bunraku, na mwaka 2008 UNESCO ikaiandika sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Moto uliweza kula mti; haukuweza kula ufundi uliokuwa umekwisha kuingia mikononi mwa watu. Nasi katika makundi yetu, wengi twatamani kushika kichwa. Ni nani kati yetu atakayekubali kwanza kushika miguu?