Selimundu ina anwani mbili

Ukisoma makala ya zamani kidogo, badiliko linaloleta selimundu liko kromosomu ya 11, nafasi ya 5,248,232. Makala mpya inasema 5,227,002. Nani kakosea? Hakuna. Ya kwanza inatumia ramani ya jenomu ya 2009, yaani hg19; ya pili ni hg38, iliyotoka Desemba 2013. Herufi ya DNA ni ile ile, ila vipande vilivyo kabla yake vilirekebishwa, hesabu ikarudi nyuma kwa herufi 21,230.

Ramani zimekuwa zikibadilika tangu Julai 2000, Jim Kent na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, walipoweka rasimu ya kwanza mtandaoni. Kwa bahati nzuri, chuo hichohicho kinatoa faili za minyororo: zinaonyesha kipande kipi cha ramani ya zamani kinalingana na kipi cha mpya. Programu ya liftOver huzisoma. Kwenye seva yao, fungua folda ya hg19 (siyo hg38, wengi hupotea hapo) upakue hg19ToHg38.over.chain.gz. Ukitaka kurudi nyuma, kuna faili yake nyingine.

Nafasi zinazogoma kuhama huandikwa kwenye faili ya pembeni. Usiitupe bila kuisoma. Huenda badiliko unalolitafuta limebaki humo.