Kuunganisha Mistari Iliyokatika kwa Rejeksi

Rejeksi ni fomula fupi ya herufi na alama inayoiagiza programu itafute maandishi yenye umbo fulani, si lazima neno moja mahususi. Msingi wake wa kihisabati uliwekwa na Mmarekani Stephen Kleene miaka ya 1950. Mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha njia ya kuitumia kusakia maandishi kwenye kompyuta.

Faili nyingi za PDF hutunza mahali pa kila herufi ukurasani, si mpangilio wa aya. Ukinakili na kubandika kwingine, kila mstari huja na alama yake ya mstari mpya, \n, na aya moja huwa vipande vingi. Dawa yake ya kawaida ni kutafuta

(?<!\n)\n(?!\n)

na kuweka nafasi moja badala yake. Mabano yote mawili hayafuti kitu. La kwanza linakagua kama kuna \n nyingine nyuma, la pili linakagua mbele. Inayoondolewa ni \n iliyo peke yake; zilizofuatana mbili ni mpaka wa aya, haziguswi. Mstari unaoonekana mtupu ukiwa na nafasi zilizojificha, hesabu hii inavurugika, kwa hiyo zifute mapema kwa kubadilisha [ \t]+\n kuwa \n. Faili za Windows zenye \r\n nazo zigeuzwe kwanza ziwe na \n pekee.

Vistari vya kukatia maneno vishughulikiwe kabla ya kuunganisha mistari. Ukitafuta ([a-z])-\n([a-z]) na kuweka \1\2 (programu nyingine hutaka $1$2), “wana-” na “nchi” hurudi kuwa “wananchi”. Lakini “isimu-jamii” iliyokatikia kwenye kistari chake itatoka “isimujamii”. Hapa usibofye kitufe cha kubadilisha yote. Pitia moja moja.

Aya zisipotenganishwa na mstari mtupu, tafuta \n(?=[a-z]), yaani unganisha pale tu mstari unaofuata unapoanza kwa herufi ndogo. Mstari unaoanza na “Zanzibar” utaachwa umekatika, na hiyo ni afadhali kuliko aya mbili kugandana. Kanuni hii pia hunusuru mashairi mengi, kwa sababu mishororo yake kwa kawaida huanza kwa herufi kubwa. Ile ya kwanza hulaza ubeti mzima kwenye mstari mmoja.