Swali la William Ngidi: Tafsiri na Shaka katika Natal

Katika historia ya kutafsiri Maandiko Matakatifu kwa lugha za Kiafrika, mwenyeji aghalabu huhesabiwa kuwa msaidizi tu: mgeni huleta maana, naye mwenyeji hutoa maneno. Kisa cha Askofu John William Colenso na William Ngidi huko Natal, Afrika ya Kusini, chaonyesha kwamba mambo hayakuwa hivyo daima.

Colenso, mwanahisabati aliyesomea Cambridge, alifanywa askofu wa Kianglikana wa Natal mwaka 1853. Katika kituo chake cha Ekukhanyeni, karibu na Pietermaritzburg, alijifunza Kizulu, akatoa sarufi mwaka 1855 na kamusi mwaka 1861. Sehemu za Biblia alizitafsiri akisaidiwa na Wazulu, mmoja wao akiwa Ngidi. Walipofikia habari za Gharika, Ngidi alimwuliza kama aliamini kweli kwamba wanyama wa nchi za joto na za baridi waliingia safinani wawili wawili, na kwamba Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wale walao nyama. Colenso alikuwa amekwisha kusoma jiolojia, akajua kwamba gharika ya dunia nzima haikupata kutokea. Akaona hawezi kusema uongo kwa jina la Mungu. Tena, walipoitafsiri sheria ya Kutoka 21, isemayo kwamba bwana aliyempiga mtumwa wake haadhibiwi endapo mtumwa huyo ataishi siku moja au mbili, kwa kuwa ni mali yake, Ngidi alichukizwa mno.

Ni dhahiri kwamba maswali hayo yalizaliwa na kazi yenyewe. Msomaji aliyeyazoea maneno ya kale huweza kuyapita bila kuyapima. Bali atafutaye neno lake katika lugha nyingine hana budi kuuliza jambo lenyewe lilikuwaje.

Kati ya 1862 na 1879 Colenso alitoa sehemu saba za uchunguzi wake juu ya Vitabu Vitano vya Musa na Kitabu cha Yoshua. Alipiga hesabu: wanaume 600,000 watajwao katika Kutoka 12 wamaanisha taifa la watu zaidi ya milioni mbili, pamoja na mifugo yao, wakiishi jangwani. Akakata shauri kwamba masimulizi hayo, jinsi yalivyo, hayawezi kuwa historia.

Huko Uingereza alidhihakiwa kwamba, badala ya kuwaongoa Wazulu, yeye ndiye aliyeongolewa na Mzulu. Mwaka 1863 Askofu Robert Gray wa Cape Town alimhukumu kuwa mzushi na kumvua uaskofu. Lakini mwaka 1865 mahakama ya Baraza la Faragha huko London iliamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Colenso hakuiacha imani. Alishikilia kwamba sauti ya Mungu yasikika katika Maandiko ingawa si kila habari iliyomo ilitukia. Na chifu Langalibalele aliposhtakiwa mwaka 1874, alimtetea dhidi ya serikali ya koloni hadi akapoteza marafiki. Alifariki mwaka 1883.

Walakini, katika dibaji ya 1862 Colenso alimsifu aliyemwuliza bila kumtaja jina. Wapinzani walijibu kwa kuutaja Uzulu wake. Swali lenyewe, lililoulizwa kwa Kizulu, lilibaki palepale.