Upepo, Imbeho na Ventus: Mgawanyo wa Maana

Ventus ya Kilatini ilirithiwa na maana yake: vent kwa Kifaransa, viento kwa Kihispania, vânt kwa Kiromania. Mzizi wa Kibantu -pepo haukutulia hivyo. Empewo ya Kiluganda ingali upepo na baridi pamoja. Kiswahili kilibaki na upepo (na pepo, kiumbe asiyeonekana), kikapokea baridi kutoka Kiarabu. Kinyarwanda kilielekea kinyume: imbeho ni baridi, upepo huitwa umuyaga. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, tofauti hii ilikoma kuwa ya wanaisimu pekee. Kamusi ya shule inayotaja udugu wa maneno na kunyamazia maana humwacha mwanafunzi wa Kagarama, jijini Kigali, katika hatari ya kusoma tahadhari ya upepo mkali kama habari ya baridi.