Boriti, Kamba na Mlau: Historia ya Delta Yetu



Kwa kawaida tunafungua kijitabu hiki kwa hesabu. Mwaka huu tunatanguliza historia, maana fungu moja la mchango tunaouomba halieleweki bila hiyo.

Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi inayoelekea Kisiwa cha Mafia. Hapo maji baridi yenye tope la bara hukutana na maji ya chumvi yanayopanda wakati wa bamvua. Mchanganyiko huo ndio unaolea mikoko yetu, karibu hekta 50,000, msitu wa mikoko usio na mfano katika pwani ya Tanzania.

Wageni walitujua kwa boriti. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuja na kaskazi, yakapakia miti, yakarudi na kusi. Kule miti mirefu ni haba, hivyo dari zililazwa juu ya mikoko ya pwani yetu. Hata vyumba vya nyumba za mawe za Unguja ni vyembamba kwa sababu hiyo: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Magome nayo yaliuzwa kwa kutengenezea ngozi. Wajerumani walipoiona faida hiyo wakaitia mikoko mikononi mwa serikali, na tangu hapo mkata miti wa Delta huomba kibali cha msitu alioukuta kwa babu yake.

Mikoko hiyo hiyo iliificha manowari yao Königsberg. Ilipokwisha kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, Septemba 1914, ilikimbilia kwetu. Meli kubwa zilishindwa kuifuata kwa uchache wa kina. Ikabidi ziletwe Severn na Mersey, zinazoelea kwenye maji machache, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaishia mtoni. Wazee wa Salale wana simulizi zao, na vijana wangewauliza mapema.

Kilichotulisha sisi, lakini, ni kamba na mlau. Kamba hutaga baharini, watoto wao wakaja kukulia kwenye mizizi ya mikoko. Mlau ni kilimo cha baada ya mafuriko: maji yakishuka, mkulima hupanda kwenye tope lililobaki, bila mbolea ya dukani. Miaka ya 1990 kampuni moja ilipotaka kuchimba mabwawa makubwa ya kufugia kamba humu, wanavijiji walipinga hadi mahakamani, na mradi ule haukufanyika.

Madhara mengine tunayafanya wenyewe. Upande wa kaskazini mikoko inafyekwa ili kupanda mpunga. Baada ya miaka kadhaa magugu yanashinda, shamba linaachwa na jingine linafyekwa.

Na sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, la megawati 2,115. Umeme huo taifa linauhitaji, nasi tunautumia. Lakini bwawa hukamata tope. Maji baridi yakipungua, chumvi hupanda mtoni. Yakiachiwa mengi kwa pamoja, mashamba huzama. Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Rufiji na Kibiti, na kila mtu alikuwa na maelezo yake, ila wachache walikuwa na vipimo.

Ndiyo maana tunaomba fungu hili. Tutanunua vipimo vya chumvi na vijiti vya kupimia kina, tuvigawe kwa vijiji vya mikono mbalimbali ya mto, na kila kijiji kiwe na daftari na kijana wa kuandika bamvua hadi bamvua. Siku tukiitwa kwenye kikao cha kupanga maji ya kuachiwa, twende na madaftari hayo. Fedha zitakazobaki zitaanzisha kitalu cha mikoko kwenye mashamba ya mpunga yaliyoachwa, kwa kibali cha wahifadhi wa misitu.

Michango ipokelewe na mweka hazina wa tawi lako, na usisahau stakabadhi.